Vikombe viwili na majonzi: msimu wa TNT katika ligi ya kikapu ya Ufilipino

Swali: Mimi ni muuguzi kutoka Mombasa, nafanya kazi Doha. Wodini kwetu Wafilipino ni wengi na karibu wote wanafuatilia ligi yao ya kikapu. Kuna mashabiki wa TNT ambao wakisimulia msimu wa 2024-25 husema timu yao ilibeba vikombe viwili, kisha wananyamaza kama waliofiwa. Msimu mmoja unakuwaje na vikombe zaidi ya kimoja? Kubeba viwili kuna huzuni gani? Na ni kweli, kama wanavyodai, kwamba Mmarekani wao angeruhusiwa kucheza wangebeba na cha tatu?

Jibu:

Dada yangu, wenzako wana haki ya kuumia. Ila hoja yao ya mwisho siikubali yote, nami nitakueleza sababu nikishafika huko.

Ligi wanayoizungumzia ni PBA, iliyoanza mwaka 1975, ligi ya kwanza ya kikapu cha kulipwa barani Asia. Haiendeshwi kama ligi za soka tulizozoea, ambako timu inakusanya pointi tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho na bingwa ni mmoja. Msimu wa PBA kwa kawaida hugawanywa katika mashindano matatu. Kila shindano lina mzunguko wake wa awali, robo fainali, nusu fainali na fainali, ambayo si mechi moja bali mfululizo wa mechi, na likiisha, hesabu zote zinafutwa na timu zinaanza upya. Bingwa wa Novemba anaweza kuburuza mkia mwezi wa Januari, na hakuna atakayeshangaa.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba mashindano hayo hayachezwi kwa sheria moja. Katika Kombe la Governors la msimu ule kila timu iliruhusiwa mchezaji mmoja wa kigeni, asiyezidi futi 6 na inchi 6. Kombe la Commissioner's nalo liliruhusu mgeni mmoja, ila dari la urefu lilipandishwa hadi futi 6 na inchi 9, kwa hiyo timu nyingi hutafuta jitu la kusimama chini ya kikapu. Kombe la Philippine halina mgeni hata mmoja. Hilo ni la Wafilipino wenyewe, wakiwemo waliozaliwa ng'ambo wenye damu ya Kifilipino, na kwa mashabiki wengi ndilo lenye heshima kuliko yote. Hata Justin Brownlee wa Barangay Ginebra, ambaye alipewa uraia na anaichezea timu ya taifa ya Ufilipino, ndani ya PBA bado anahesabiwa mgeni na hawezi kuligusa.

Ukilielewa hilo umeelewa msimu mzima. Anayetaka vikombe vyote vitatu lazima awe na timu tatu ndani ya jezi moja: moja inayojua kumtumia mgeni wa kimo cha kati, ya pili inayoweza kupambana na majitu, na ya tatu inayosimama bila mgeni kabisa. Na yote hayo kwa miili ileile, kwa karibu mwaka mzima. Msimu wa 49, huo wa wenzako, ulianza Agosti 18, 2024 na kumalizika Julai 25, 2025.

Kubeba vyote vitatu huitwa Grand Slam, na tangu 1975 imetokea mara tano tu. Crispa waliifanya 1976 chini ya Baby Dalupan, wakairudia 1983 chini ya Tommy Manotoc. San Miguel waliipata 1989 na kocha Norman Black, Alaska 1996 na Tim Cone, na San Mig Coffee (timu tofauti na San Miguel) 2014, kocha akiwa Cone tena. Ile ya 2014 iliamuliwa kwa pointi moja: mechi ya tano ya fainali ya tatu iliisha 93-92 dhidi ya Rain or Shine. Tangu hapo hakuna. Kwa hiyo timu ikishabeba kombe la kwanza na la pili, nchi nzima inaanza kuhesabu, na la tatu halitazamwi tena kama kombe la kawaida. Wenzako walisimama mlangoni mwa jambo ambalo vijana waliozaliwa baada ya 2014 hawajawahi kuliona.

Sasa TNT yenyewe. Usitafute mji wake, kwa sababu haina. Timu za PBA ni za makampuni, hazina uwanja wa nyumbani, na karibu zote zinazunguka kumbi zilezile za Manila na viunga vyake: Araneta, Mall of Asia, PhilSports na nyinginezo. TNT ni jina la huduma ya simu iliyo katika kundi la makampuni ya Manny Pangilinan, ambalo lina pia Meralco na NLEX. Upande wa pili kuna San Miguel Corporation, kampuni ya bia na vyakula, yenye timu tatu vilevile: San Miguel, Barangay Ginebra na Magnolia. Timu ni kumi na mbili, na nusu yake iko mikononi mwa mabwana wawili. Wenzako wakibishana wodini, mara nyingi ndiyo ugomvi huo unaoendelea.

Kocha wa TNT ni Chot Reyes, na inawezekana umewahi kumwona bila kujua. Kombe la Dunia la 2023 lilipochezwa Manila, sisi huku Afrika Mashariki tulikesha tukiishangilia Sudan Kusini, ambayo ilipata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Njiani iliifunga Ufilipino 87-68 mbele ya mashabiki wake, na aliyekuwa kwenye benchi la wenyeji ni Reyes. Alizomewa na watu wake mwenyewe, katika nchi yake mwenyewe. Ufilipino ikaifunga China katika mechi ya mwisho, naye akaondoka timu ya taifa. Mtu wa namna hiyo anaporudi kufundisha klabu, kila ushindi una uzito wake, na nadhani baadhi ya machozi ya mashabiki wa TNT yanatoka hapo pia.

Mmarekani wanayemtaja ni Rondae Hollis-Jefferson. Amecheza NBA akiwa Brooklyn Nets, Toronto na Portland, kisha akawa mchezaji wa Jordan kwa ngazi ya taifa. Mwaka 2023 aliipa TNT Kombe la Governors kwa kuifunga Ginebra ya Brownlee mechi nne kwa mbili. Miezi michache baadaye wawili hao wakakutana tena, safari hii wakiwa na jezi za mataifa, katika fainali ya Michezo ya Asia mjini Hangzhou. Ufilipino ikashinda 70-60 na kupata dhahabu ya kikapu ambayo haikuwa imeipata tangu 1962. Aliyekuwa kocha wa Ufilipino siku ile ni Tim Cone, ambaye ndiye kocha wa Ginebra. Ndiyo maana nakwambia ukitazama TNT na Ginebra zikicheza, usiangalie mpira tu. Watu hao wana madeni ya zamani.

Kombe la Governors la 2024 liliwakutanisha tena fainalini. Msimu huo ligi ilikuwa imeanzisha mtupo wa pointi nne, unaopigwa kutoka futi 27, karibu mita 8 na robo, na kulikuwa na maneno mengi kwamba mchezo utageuka kuwa wa kurusha mawe kutoka mbali. TNT walijibu kwa ulinzi. Walitangulia 2-0, Ginebra wakasawazisha 2-2, halafu mechi ya tano TNT wakawafungia mlango kabisa, 99-72. Ya sita ikaisha 95-85. Mchezaji bora wa fainali hakuwa Hollis-Jefferson. Alikuwa Jayson Castro, mchezeshaji mwenye umri wa miaka 38, ambaye enzi zake alihesabiwa kati ya wachezeshaji bora wa Asia nzima.

Mkumbuke Castro, nitamrudia.

Kombe la pili ndilo ninalolipenda zaidi katika msimu ule, na nakushauri ulitafute ulitazame. TNT waliamua kubaki na Hollis-Jefferson. Ana futi 6 na inchi 6, na shindano hili, kama nilivyosema, linaruhusu wageni warefu zaidi yake. Wengi wangetafuta jitu. Reyes hakutafuta. Alihesabu kwamba mtu anayekijua kikosi, anayeweza kumlinda mchezeshaji na mrefu kwa usiku mmoja, na anayeipenda kazi ya ulinzi, atamfaa kuliko inchi tatu za ziada. Ilikuwa hesabu ya ujasiri, kwa sababu mgeni mfupi anapobanwa chini ya kikapu, Wafilipino wanaocheza naye ndio wanaolipa kwa faulo na kwa magoti. Katika hatua za awali NorthPort ndio waliokuwa juu ya jedwali, na San Miguel wenyewe, pamoja na jina lao lote, hawakufika hata robo fainali. Katikati ya shindano walimbadilisha kocha, Jorge Galent akampisha Leo Austria. Shika na hilo pia.

Nusu fainali TNT walikutana na Rain or Shine ya kocha Yeng Guiao, kama walivyokutana katika kombe la kwanza na kama watakavyokutana katika la tatu. Walishinda, lakini ndani ya mfululizo huo kano ya goti la Castro ilikatika. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza maana ya kukatika kano hiyo kwa mtu wa miaka 38. Msimu wake ukaishia pale.

Fainali dhidi ya Ginebra ilikwenda mechi zote saba. Brownlee aliumia kidole gumba katikati ya mfululizo, na aliendelea kucheza hivyohivyo. Mechi ya saba, Machi 28, 2025, ukumbi wa Araneta umejaa, dakika za kawaida ziliisha bila mshindi. Katika dakika za nyongeza TNT wakatoka na ushindi wa 87-83. Tazama pointi hizo: 87 pamoja na nyongeza. Kila kikapu kilipatikana kwa kuvuja jasho, na hakuna upande uliopewa kitu cha bure na mwenzake. Rey Nambatac, ambaye alikuwa amehamia TNT mwaka uliotangulia akitokea Blackwater, alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Yeye ndiye aliyebeba mzigo wa Castro. Kama ukitaka kujua TNT ilikuwa timu ya namna gani, jibu liko katika mechi hiyo: mchezeshaji wao mkuu yuko nje, mgeni wao hafikii kimo cha juu ambacho sheria iliruhusu, mpinzani wao ndiye kipenzi cha taifa, na bado walishinda.

Gharama yake ndiyo haikuonekana usiku ule. Kombe la tatu lilianza Aprili 4, wiki moja tu baada ya mechi ya saba. Wenzao waliotolewa mapema walikuwa wamepumzika na kufanya mazoezi mwezi mzima. TNT waliingia wakiwa hawana Hollis-Jefferson, hawana Castro, na miguu yao bado iko Araneta. Wakaanza kwa kufungwa mfululizo. Walimleta Jordan Heading kutoka Converge kwa kubadilishana na Mikey Williams, ambaye aliwahi kuwa nyota wao kabla ya mzozo wa mkataba. RR Pogoy, ambaye mwaka uliotangulia alikaa nje kwa ugonjwa wa moyo, akashika nafasi yake kikosini. Calvin Oftana akawa mfungaji wao wa kutegemewa. Kidogo kidogo wakapanda, wakaitoa tena Rain or Shine, na mwezi wa Julai wakawa fainalini. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi ya ukocha aliyoifanya Reyes msimu ule, kubwa kuliko vikombe viwili alivyobeba.

Aliyekuwa akiwasubiri ni San Miguel. Naam, wale waliokosa robo fainali miezi michache nyuma. Bila wageni uwanjani, walirudi kuwa wanavyojulikana, kwa sababu wana June Mar Fajardo, mtu wa Cebu mwenye futi 6 na inchi 10, ambaye kabla ya msimu huo kuisha alikuwa tayari amekuwa mchezaji bora wa ligi mara nane. Katika makombe mengine timu pinzani inaweza kuleta Mmarekani wa kumkabili. Katika kombe hili hakuna pa kumtoa mtu wa kimo chake. Unamwekea walinzi wawili, naye anautoa mpira kwa CJ Perez au Marcio Lassiter aliyebaki peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo huenda wenzako hawakukusimulia, kwa sababu haliwapendezi. Mechi ya kwanza TNT walishinda 99-96, na ushindi huo ulikuwa na utata: danki (kikapu cha kuusukumiza mpira ndani kwa mkono) ya Mo Tautuaa wa San Miguel ilifutwa mwishoni, waamuzi wakiamua kwamba mpira uliguswa ukiwa bado juu ya kikapu. San Miguel walikasirika sana. Kwa hiyo anayesema TNT walionewa na waamuzi katika fainali ile, uamuzi uliozungumzwa kuliko yote uliwafaa wao. Baada ya hapo San Miguel walishinda tatu mfululizo. Nambatac na Poy Erram wakatatizwa na majeraha, na Reyes akabaki akihesabu watu benchini. Walipata nguvu ya kushinda mechi ya tano, nguvu ambayo sijui waliitoa wapi, halafu Julai 25 katika ukumbi wa PhilSports San Miguel wakafunga hesabu, 107-96, jumla 4-2. Jericho Cruz akawa mchezaji bora wa fainali, na San Miguel wakafikisha kombe lao la 30.

Huzuni ya wenzako, basi, si ya kombe moja. Mwaka 2011 timu hiyohiyo, ikiitwa Talk 'N Text, kocha akiwa Chot Reyes huyuhuyu na Castro akiwa kijana, ilibeba Kombe la Philippine na la Commissioner's. Ikaingia fainali ya tatu na kufungwa katika mechi ya saba na Petron Blaze. Petron Blaze ni jina la muda tu. Ni San Miguel, walibadilishwa jina na wamiliki wao. Miaka 14 baadaye, kocha yuleyule, mlangoni palepale, amesimamishwa na watu walewale, na Castro safari hii anatazama akiwa na goti lililoshonwa. Shabiki wa TNT mwenye umri wa miaka 35 au 40 amelipitia hilo mara mbili. Ukimwambia "lakini mlibeba viwili," unamwambia kitu anachokijua na ambacho hakimsaidii.

Nirudi kwa swali lako la Mmarekani. Kwamba Hollis-Jefferson angewasaidia, hilo halina ubishi: katika makombe mawili ya wageni alichaguliwa mgeni bora mara zote mbili. Wenye hoja hiyo wana ushahidi mwingine mzuri, nao ni huo niliokuomba uushike: palipokuwa na wageni, San Miguel hawakuonekana. Lakini ukisema hivyo unasema Kombe la Philippine liwe kitu kingine. Grand Slam ni ngumu hasa kwa sababu shindano moja linakunyang'anya mtu uliyemjengea timu. San Mig Coffee ya 2014 ilipita mtihani huo kwa sababu ilikuwa na James Yap, Marc Pingris na Mark Barroca wenye afya, na kwa sababu mwaka ule Kombe la Philippine lilichezwa kwanza, miguu ikiwa mibichi. TNT waliwekewa la Wafilipino mwisho kabisa, baada ya fainali mbili ndefu. Mpangilio huo uliwaumiza kuliko kukosekana kwa Mmarekani, nami nashangaa mashabiki wao hawaulalamikii zaidi.

Ungeniuliza mimi ni mtu gani mmoja ambaye angebadilisha Julai ile, ningemtaja Castro. Fainali ya tatu TNT walikosa mtu wa kuutuliza mpira pale Fajardo alipokuwa amekaa chini ya kikapu na kila shambulio linahitaji pasi ya pili na ya tatu. Nambatac angeweza kuwa mtu huyo, kama alivyokuwa Machi, ila mwili wake nao ulikuwa umeisha. Heading ni mpigaji, na ndiyo kwanza alikuwa amefika.

Ukitaka kuwaelewa wenzako, waombe mkanda wa mechi ya saba ya Machi 28 na mtazame pamoja, wala msianze na mechi za Julai. Tena PBA imewahi kupeleka mechi zake Dubai mara kadhaa, na ukumbi hujaa Wafilipino wa Ghuba nzima. Ikitokea tena na zamu yako wodini ikaruhusu, nenda nao. Keti upande wa TNT.